Watoto wawili, kiti kimoja

Ukiwa na watoto wawili Kigali, nunua kigari cha kiti kimoja. Cha viti viwili ni kizito, na mji huu ni vilima na ngazi: kutoka Nyabugogo kupanda mjini utakisukuma kwa kifua, na ukishuka kitakuburuta. Mkubwa akae kitini. Mtoto mchanga abebwe kwa mbeleko, kifuani mpaka shingo ikaze, kisha mgongoni, kama bibi zetu walivyobeba kwa ingobyi, mbeleko ya ngozi. Pesa inayobaki iende kwenye breki nzuri. Zijaribu mteremkoni, ukiwa umeweka kitini mfuko wa mchele wa kilo 10, kwenye zile Jumapili zisizo na magari zilizoanza mwaka 2016.