Fungu la Paka Litoke Jumamosi

Mtu mwenye kipato kidogo akileta kipaka nyumbani, hazipiti siku mbili kabla hajaambiwa: "Wewe mwenyewe unakula kwa kubangaiza, unafuga wa nini?" Maneno hayo husemwa kwa kicheko, mbele za watu, na huuma. Basi leo nazungumza na wewe unayeambiwa hivyo. Unabeba zege siku sita na kulipwa Jumamosi jioni. Unafua nguo za watu, unakaanga vitumbua, unalinda geti la mwenye nyumba kubwa. Hela yako ni ya kuhesabu kwa vidole, na miguuni pako kuna mnyama anakutazama. Usimtupe jalalani usiku. Usimwonee haya. Wala usikubali kuambiwa kwamba kufuga ni kwa wenye magari.

Masimulizi mawili ya Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, watu wengi wa pwani wamekua wakiyasikia. Moja ni la mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na bila kumwachia akajitafutie mwenyewe. Jingine ni la msafiri aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake na kumnywesha, akasamehewa dhambi zake. Nakuomba ukiangalie kiatu hicho. Mtu yule hakusubiri mpaka apate ndoo.

Ila tusidanganyane. Moyo mzuri haujazi tumbo la mbwa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Wengi wetu tunafuga kwa mpango mmoja tu: atakula kitakachobaki. Nyumba ina watoto wanne na sufuria moja, kitabaki nini? Ukoko. Mbwa anakonda, anazoea jalala, siku moja anaingia banda la jirani, na kuku wa jirani unamlipa kwa bei atakayotaka yeye. Anayesema hana hela ya kumlisha mbwa mara nyingi ameshaitoa mara mbili, kwa kuku na kwa faini ya serikali ya mtaa.

Kwa hiyo geuza utaratibu. Fungu la mnyama litoke siku ya malipo, kabla ya vocha, kabla ya soda, kabla ya yule rafiki ambaye hukumbuka kukusalimia kila Jumamosi jioni. Tuseme unapata shilingi 40,000 kwa wiki. Ukitenga 3,000, hujafikia hata sehemu moja ya kumi. Iwe 2,500 ya chakula na 500 ya kibubu. Huo ni mfano. Bei za soko la kwenu unazijua wewe. Kiwango kikiwa kidogo kuliko hapo, sawa, lakini kiwe na jina na kitoke siku hiyo hiyo. Hela isiyo na jina hailali nyumbani.

Sasa chakula chenyewe, maana hapa ndipo penye ushindi. Paka wa kawaida wa mitaani kwetu, wa kilo tatu au nne, anahitaji kama nusu kilo ya dagaa wakavu kwa wiki ukiwa humpi kingine. Mbwa wa kilo 15 hivi atakwenda na kilo moja na nusu ya unga wa dona na dagaa wasiofika nusu kilo, kwa wiki nzima. Ukipata vichwa vya samaki katikati ya wiki, dagaa wanapungua. Nenda soko la samaki jioni, iwe Feri pale Kivukoni au gati la kijijini kwenu, ukaongee na wale wanaopaa samaki. Salimia vizuri, usianze na kuomba. Wanachotupa wao ni kitoweo cha siku mbili kwa paka wako, na mtu akishakuzoea atakuwekea kando kwenye mfuko.

Dagaa wa bei ya chini, wale wanaouzwa kwa ajili ya kuku, huja na mchanga wake. Kwanza wanuse: wakiwa na harufu ya uozo au ya dawa, waache hapo hapo dukani. Ukifika nyumbani wamwage kwenye beseni la maji, wasugue kwa viganja, wakoshe, maji yamwage, rudia tena mpaka kidole kikipita chini ya beseni hakisikii chenga. Wachemshe bila chumvi na bila kiungo chochote. Kitunguu maji na kitunguu saumu hasa viache, kwa kuwa huharibu damu ya mbwa na paka. Utaona paka anaanza kujisugua kwenye goti lako kabla hata maji hayajachemka. Mwache asubiri, naye ajifunze kwamba jikoni kuna saa. Supu ikiwa tayari, nusu isongee ugali wa mbwa uliolainika, nusu mpe paka pamoja na dagaa wenyewe.

Hiyo supu ya paka usiipunje. Paka ni mla nyama kwelikweli. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na akikikosa kwa muda mrefu macho hufifia na moyo huchoka. Ukichemsha samaki, sehemu ya taurini hubaki kwenye maji. Ugali mtupu kila siku ni kumuua polepole huku ukidhani unamlisha. Maziwa je? Paka wazima wengi hawayawezi, huharisha. Hiyo nusu lita mpe mtoto.

Urahisi nao una mtego wake. Unga au pumba zilizoota ukungu huuzwa kwa bei ya kutupwa, na watu husema "ni za mbwa tu". Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ini la mbwa nalo haliiwezi. Mapafu na maini ya machinjioni ni nafuu na mbwa anayapenda, lakini yasiliwe mabichi, hasa yakiwa na malengelenge ya maji. Ndani ya malengelenge hayo mna mbegu za minyoo tegu inayokua tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake humrudia binadamu, mara nyingi mtoto anayecheza naye. Chemsha mpaka yaive. Mifupa ya kuku iliyopikwa humeguka vipande vikali, hiyo tupa. Na paka akipata homa usimpe panadol yako. Kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa au ng'ombe nayo isimguse kabla hujamuuliza mtaalamu wa mifugo, kwa kuwa nyingine zina permethrin, ambayo kwa paka ni sumu.

Turudi kwenye kibubu. Shilingi 500 kwa wiki ni 26,000 kwa mwaka. Najua utacheka. Cheka, halafu uifanye, kwa sababu kibubu hicho kina kazi mbili za kueleweka: chanjo na uzazi.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni jambo la nadra mno. Kinaua maelfu ya watu kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, wakiwemo watoto wengi wa vijijini na wa mitaa kama yetu. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali mara moja, ambako zinahitajika sindano kadhaa. Pale ambapo mgonjwa hujilipia, pamoja na nauli, kipato cha wiki kadhaa kinakwenda. Chanjo ya mbwa ni sindano moja kila mwaka, kuanzia umri wa miezi mitatu, na mara nyingi halmashauri huitoa bure kwenye kampeni, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wataalamu wanasema mbwa asilimia 70 wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Vijiji vinavyopakana na Serengeti vimelishuhudia hilo: mbwa wamechanjwa huko kwa miaka mingi, na kichaa kikapungua sana. Wenye mbwa hao ni wakulima na wafugaji wa kawaida, hela yao haina tofauti na yako. Waliletewa huduma karibu, wakatoka asubuhi na mbwa wao wamefungwa kamba za katani.

Uzazi ndio unaowashinda wengi. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi mitano tu, huibeba kwa siku kama 65, na anaweza kupata nyingine huku bado ananyonyesha. Paka mmoja uliyemmudu mwezi wa kwanza wanakuwa sita kabla ya mwaka kwisha, na hapo ndipo watu wazima wenye akili zao hubeba vitoto kwenye kiroba kwenda kuvitupa ng'ambo ya barabara. Mmoja anayeshiba ana heshima kuliko sita wanaolia. Kumfunga kizazi kunagharimu zaidi ya chanjo, kweli. Kibubu cha mtu mmoja hakitoshi, lakini mbona tunacheza upatu wa vyombo vya ndani? Majirani watano wenye paka wakichanga na kumwita daktari wa mifugo aje mtaani siku moja, wana nafasi ya kuzungumza bei. Ni jambo la kuongelea siku ya kikao cha VICOBA, baada ya marejesho, na wa kwanza kulitaja atachekwa. Uwe wewe.

Na wanaouliza mnyama huyo anaingiza nini, wapeleke kwenye duka lolote la nafaka. Paka analala juu ya gunia la mchele na mwenye duka anampisha, kwa kuwa panya mmoja akitoboa gunia usiku hasara ni gunia zima. Muulize mfugaji wa kuku wa kienyeji kilichomfanya mwizi apite nyumba yake na kwenda ya mbele. Lakini hata kama wako hakamati panya wala hambwekei mtu, hata kama kazi yake yote ni kukungoja mlangoni saa moja usiku ukirudi na vumbi la saruji kwenye nyusi, hudaiwi maelezo na yeyote. Unayemlisha ni wewe.

Ofisi ya afisa mifugo wa kata haiko mbali, mara nyingi ni jengo moja na mtendaji. Pita Jumatatu kabla ya kazi. Uliza tarehe ya chanjo, uliza kama ni bure, na umwambie mko wangapi mtaani kwenu.