Dhima ya Aliyedhulumiwa: Mas'ala ya Taka katika Nchi ya Palestina

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Mas'ala yanayotazamwa katika waraka huu ni haya: mtu aliyedhulumiwa, aliyenyang'anywa ardhi yake na kufungiwa njia zake, je, ataulizwa mbele ya Mola wake juu ya uchafu autupao kwa mkono wake mwenyewe? Au dhuluma aliyofanyiwa imekwisha kumwondolea dhima hiyo, ikawa juu ya dhalimu peke yake? Mas'ala haya si ya kubuni. Yamo katika nchi ya Palestina, penye Msikiti wa Aqsa uliokuwa kibla cha kwanza cha Waislamu. Na kwa kuwa haifai kutoa hukumu juu ya jambo lisilojulikana, yapasa kuanza kwa kueleza hali ilivyo.

Kwa mapatano ya mwaka 1995, ardhi ya Ukingo wa Magharibi wa mto Yordani iligawanywa sehemu tatu, zikaitwa A, B na C. Sehemu C, ambayo ni yapata sitini katika mia ya ardhi hiyo, ilibakia mikononi mwa Israeli katika mambo ya ardhi na ujenzi. Na jaa kubwa la taka halichimbwi katikati ya nyumba za watu. Hutaka ardhi tupu iliyo mbali, na ardhi ya namna hiyo kwa wingi imo katika sehemu C. Basi mji wa Wapalestina ukitaka kuzika taka zake, mara nyingi hulazimika kuomba ruhusa kwa mtawala usiyemchagua. Kisha mwaka 2017 jumuiya ya Kiisraeli inayotetea haki za binadamu, B'Tselem, ilieleza kuwa Israeli ina viwanda visivyopungua 15 vya kushughulikia taka katika Ukingo wa Magharibi, na kwamba nyingi ya taka hizo hutoka ndani ya Israeli. Ardhi ambayo wenyewe huomba ruhusa kuzika taka zao humo, huletewa taka za wengine.

Ama Gaza, hali yake ni nzito zaidi. Jaa la Johr al-Dik, mashariki ya mji wa Gaza, na jaa la al-Fukhari upande wa kusini, yote mawili yako karibu na mpaka. Vita vilipoanza Oktoba 2023, njia za kuyaendea zilikatika. Taka zikarundikwa kandokando ya nyumba na mahema, hata soko la Firas, lililo katikati ya mji wa Gaza, likageuka jaa. Mwezi wa Juni 2024, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa vifusi vya majumba yaliyovunjwa vimefika tani milioni 39, yaani zaidi ya kilo 107 kwa kila mita moja ya mraba ya ardhi ya Gaza. Aliyefukuzwa nyumbani kwake, akaishi hemani na watoto wake pembezoni mwa rundo la taka, na mahali pa kulipeleka hakuna, mtu huyo ataulizwa nini?

Sharia haimkalifishi mtu lile asiloliweza. Lililotolewa mkononi mwake kwa nguvu, hesabu yake iko kwa aliyelitoa. Hapo hapana shaka, wala hapahitaji maneno mengi.

Lakini mas'ala hayakomi hapo, kwani kuna uchafu wa namna nyingine. Magharibi ya mji wa al-Khalil, mji wa Nabii Ibrahim, viko vijiji vya Idhna, Deir Samit na Beit Awwa. Kwa miaka mingi vyombo vya umeme vilivyochakaa, kama televisheni na mashini za kufulia nguo, vimekuwa vikiletwa huko kutoka Israeli. Wanaume wa vijiji hivyo huvivunja wapate chuma na shaba za kuuza. Wengi wao walifungiwa njia ya kwenda kufanya kazi Israeli baada ya mwaka 2000, na kazi hii ikawa ndiyo riziki. Ama waya, wako waliozitia moto mashambani ili ganda la plastiki liungue na shaba ibakie. Moshi wake una sumu, na majivu yake yana risasi inayoingia katika udongo wa mizeituni na vifuani mwa watoto. Watoto hao si wa mtawala. Ni wa jirani, na pengine ni wa mchomaji mwenyewe.

Hapa ndipo hoja mbili zinapogongana. Wako wasemao: mtu huyu amebanwa, dhambi yote ni ya aliyembana, na kumlaumu yeye ni kumsaidia dhalimu. Na wako wasemao: uchafu ni uchafu, na mwenye kuutupa ndiye mwenye dhambi, awe mwenye nguvu au mnyonge. Kauli zote mbili zina sehemu ya haki, na zote mbili zimepungukiwa.

Kauli ya pili imepungukiwa kwa kuwa imesahau dharura. Mwenye kukaribia kufa kwa njaa huhalalishiwa mzoga, seuze mwenye kutafuta chakula cha wanawe kwa kazi ya mikono. Wala haiwi haki kumhesabia mnyonge moshi wake, na mwenye nguvu aliyempelekea taka hizo akaachwa bila kutajwa.

Na kauli ya kwanza imepungukiwa kwa mambo matatu. La kwanza, mafakihi wamekubaliana ya kuwa dharura hukadiriwa kwa kadiri yake: mla mzoga hula wa kumwokoa, hajazi kikapu. Shaba yaweza kutolewa kwa kumenya waya, na mashini za kuzisaga pasipo moto zimekwisha kujaribiwa huko. Palipo na njia nyingine iliyo katika uwezo wa mtu, dharura ya moto imeondoka. La pili, dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake. Hapana ruhusa ya mtu kujitoa katika shida yake kwa kuitia kifuani mwa jirani aliye katika shida ile ile.

La tatu ndilo zito zaidi. Mtume, rehema na amani zimfikie, ametufundisha ya kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: mtoto mpaka abaleghe, aliyelala mpaka aamke, na mwendawazimu mpaka apate akili. Aliyedhulumiwa hakutajwa miongoni mwao. Basi mwenye kusema kuwa Mpalestina hana dhima yoyote juu ya taka zake, hata akidhani anamhurumia, amemtia katika daraja ya mtoto na mwendawazimu. Dhalimu aweza kuchukua ardhi, na maji, na ruhusa ya kujenga. Hawezi kumwondolea mtu heshima ya kuwa mwenye kuulizwa na Mola wake. Je, yafaa ndugu yake amwondolee kwa jina la huruma?

Na dini imelihesabu jambo hili kuwa ni katika imani yenyewe. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa imani ina matawi mengi, na la chini yake ni kuondoa chenye kuudhi njiani. Imamu Ghazali, aliyetoka Baghdad mwaka 1095 akakaa muda Baitul Mukaddas, ameandika katika Ihyaa juu ya munkari za njiani, akataja humo kutupa taka, na kutawanya maganda ya matikiti, na mchinjaji kuichafua njia kwa damu. Hakuyaona kuwa ni madogo, wala hakuyaacha yangojee mambo makubwa yaishe kwanza.

Tena wanahistoria wamesimulia habari ya Sayyidna Umar bin al-Khattab alipoingia Baitul Mukaddas, yapata mwaka 16 wa Hijra. Mahali pa Mwamba mtukufu palikuwa pamefunikwa kwa taka zilizotupwa hapo katika zama za utawala wa Warumi. Umar hakuzitupa yeye, wala hawakuzitupa watu wake. Lakini alizichota kwa nguo yake, na Waislamu wakamfuata katika kuzisomba. Kujua aliyetupa ni jambo moja, na kusomba ni jambo jingine, na la kwanza halikumzuia katika la pili.

Wala uwezo haukukatika wote. Mwaka 2007 lilifunguliwa jaa la Zahrat al-Finjan katika jimbo la Jenin, lililojengwa kwa ufundi na kutandikwa chini ili maji machafu yasishuke ardhini. Miji na vijiji vilishirikiana katika baraza moja la taka, na majaa mengi madogo yaliyokuwa yakichomwa ovyo yakafungwa. Kazi hiyo haikuondoa dhuluma, lakini iliondoa moshi. Na baraza la namna hiyo lina haki zake: mwenye nyumba atoe ada ya kusomba kila ipasapo, wala asiwashe moto nyuma ya ukuta wake, naye msimamizi asiile amana ya watu. Kadhalika wanakijiji wanaokaa karibu na jaa wana haki juu ya wote, kwa sababu wao ndio wanaovuta harufu ya taka za wengine. Kusafisha nchi ni fardhi ya kifaya: wakiitimiza baadhi, wote wamesalimika, ikiachwa, wote wenye uwezo wamepata dhambi. Lakini haifai mzigo wa wote kutuliwa juu ya kijiji kimoja, kisha wengine wakajiita wasafi.

Wenye kusafiri baharini huufahamu upesi mfano wa jahazi alioupiga Mtume. Abiria walipiga kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipochoka kupanda kwenda kuteka maji, walitaka kutoboa sehemu yao wenyewe. Nao wakiachwa, wataghariki wote, na wakizuiwa, wataokoka wote. Maji yaliyo chini ya milima ya Palestina ni mfano wa jahazi hilo. Hutiririka mashariki na magharibi, hayajui A wala C, na huyanywa Wapalestina na Waisraeli. Aliye juu aliyewabana wa chini wakakosa njia ya maji atajibu kwa kubana kwake. Na aliye chini mwenye kushika shoka atajibu kwa tundu lake, kwa kadiri ya hiari aliyokuwa nayo, wala haulizwi zaidi ya hiyo.

Basi hukumu ni hii: dhuluma hupunguza dhima kwa kadiri ya ilichokitwaa, wala haiifuti. Kwa mtu wa hemani yaweza kubakia ndogo mno, pengine ni kutotupa taka mlangoni pa jirani. Lakini hiyo ndogo ni yake, na ujira wake ni mkubwa kwa ugumu wake.

Mwenyezi Mungu awaondolee dhiki ndugu wa Palestina, airudishe haki kwa wenyewe, na aitwaharishe nchi ile tukufu. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.