Je, Silaha ya Kujilinda Huchaguliwa kwa Upekee Wake?

Ndugu msomaji, mzazi mmoja wa hapa pwani ametuletea swali ambalo twaona lina faida kwa wengi, kwani siku hizi nyumba zetu nyingi zina mtoto au ndugu aliyehamia Marekani. Asema kwamba mwanawe aishiye huko hubeba bastola kila siku ndani ya nguo zake, na sheria ya huko yamruhusu. Hilo mzazi amelikubali shingo upande. Linalomtatiza ni kuwa bastola yenyewe si kama za watu wengine. Ni ya namna ya kizamani, yenye midomo miwili, na kijana asema ameipenda kwa kuwa hapana mwenzake aliye nayo. Mzazi auliza: Je, pana ubaya hapo, au ni mambo ya ujana tu?

Kabla ya kujibu yafaa tuijue hali ya huko. Haki ya raia wa Marekani kuwa na silaha imo katika katiba yao tangu mwaka 1791. Mnamo Juni 2022 Mahakama yao ya Juu, katika kesi iliyotoka New York, iliamua kwamba haki hiyo yahusu pia kubeba bastola nje ya nyumba kwa ajili ya kujilinda. Na katika zaidi ya nusu ya majimbo yao 50, mtu mzima asiyekatazwa na sheria aweza kuificha bastola kiunoni bila ya kuomba ruhusa kwanza. Kwetu Afrika Mashariki mambo si hivyo, kwani silaha ya moto haishikwi ila kwa cheti cha serikali. Basi tusimhukumu kijana kwa desturi ya hapa. Swali letu si la kubeba, ni la kuchagua.

Silaha hizi za ajabu ni za namna nyingi. Kuna bastola ndogo ziitwazo derringer, jina lililotokana na Henry Deringer, fundi wa Philadelphia. Na ni kwa bastola ya fundi huyo Rais Abraham Lincoln alipigwa risasi mwaka 1865. Kuna bastola za risasi sita za mtindo wa mwaka 1873. Na mwaka 2016 kampuni moja ya jimbo la Minnesota ilitangaza bastola ikunjwayo ikafanana na simu ya mkononi. Wala hila hiyo si mpya: sheria yao ya mwaka 1934 yataka bunduki zilizofichwa katika umbo la bakora au kalamu ziandikishwe serikalini.

Sasa tuje kwenye kiini. Mtu abebaye silaha kati ya watu amebeba amana ya watu watatu: nafsi yake, wale alio nao, na mpita njia asiyemjua wala asiyejua kwamba karibu naye pana risasi. Mtume wetu (s.a.w.) alimwamrisha mwenye kupita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi mtu. Tazama mzigo umewekwa kwa nani. Haukuwekwa kwa wapitao kwamba wajihadhari. Umewekwa kwa mwenye mishale. Naye mwenye mishale watu walikuwa wakiiona. Itakuwaje kwa aliyeficha?

Tuzipime basi silaha hizo kwa mizani hiyo. Bastola ya midomo miwili ina risasi mbili tu, na nyingi katika hizo hutaka nyundo yake ivutwe nyuma kwa kidole kabla ya kila risasi. Mkono unaotetemeka kwa hofu waweza kuliweza hilo ikiwa umezoezwa sana, ama sivyo hauwezi. Ile ya risasi sita ya mtindo wa kale nyundo yake hulala juu ya risasi, na ikianguka chini yaweza kulia yenyewe. Kwa sababu hiyo wenye kuijua hutia risasi tano na kuacha tundu moja tupu chini ya nyundo. Asiyelijua hilo akaibeba kwa uzuri wake, amebeba ajali. Ama ile yenye sura ya simu, ubaya wake ni mwingine: yasema uongo juu ya nafsi yake. Mtoto huiona simu akaitaka, naye askari akishajua kwamba simu yaweza kuwa bastola, ole wake kila mtu asiye na hatia atakayetoa simu mfukoni.

Huenda mtu akasema: mbona wazee wetu walivaa majambia yenye fedha na nakshi, na Oman wavaa mpaka leo, hata mwaka 2022 ufundi na desturi ya hanjari uliingizwa na UNESCO katika urithi wa wanadamu? Jawabu ni kwamba jambia huvaliwa mbele, juu ya tumbo, kila mtu akaliona. Ni vazi la heshima la watu wote, na mwenye kulivaa hamdanganyi mtu. Silaha iliyofichwa haina haki ya kuwa pambo, kwani pambo ni la kuonekana. Basi uzuri huo usioonekana ni wa nani? Ni wa nafsi ya mwenyewe. Na nafsi haitosheki na uzuri usioonwa. Leo atamfunulia rafiki, kesho ataitoa kwenye mkahawa ili isifiwe. Mchezea wembe humkata, na huyu huwakata na wenziwe.

Mwingine atasema: mimi naijua hii yangu ya zamani kuliko wao wanavyozijua zao mpya. Huyu, ikiwa asema kweli, hatuna hoja naye. Upekee peke yake si dhambi. Mtu aliyeizoea silaha yake na kuijua tabia yake ni bora kuliko aliyenunua ya kisasa akaitupa ndani ya mkoba. Na mwenye kupenda vitu vya kale aviweke nyumbani ndani ya sanduku lenye kufuli, hapana wa kumlaumu.

Walakini na tukumbuke lililotokea mji wa Hayden, jimbo la Idaho, tarehe 30 Desemba 2014. Mama mmoja mwenye ruhusa halali alikuwa dukani na bastola ndani ya mkoba uliotengenezwa makusudi kwa kuifichia. Mwanawe wa miaka miwili akatia mkono, bastola ikalia, mama akafa pale pale. Mama yule hakuwa mtu mbaya. Ilitosha kughafilika kidogo tu. Ikiwa kughafilika kidogo hufanya hayo, mwenye akili ataongezaje ugumu mwingine kwa sababu ya kupenda kutofautiana na watu?

Kwa hivyo twamnasihi mzazi asimgombeze mwanawe, bali amwulize maswali matatu kwa upole. La kwanza: lau bastola hii ingekuwa mikononi mwa kila mtu, ungeendelea kuibeba? La pili: mara ya mwisho uliifanyia mazoezi lini, na ni wangapi umewaonyesha tangu siku ile? La tatu: mtoto wako akiingiza mkono pale uiwekapo, atapata nini?

Akiwa ameionyesha mara nyingi kuliko alivyoifanyia mazoezi, basi hajui kwa nini aibeba, na amana hiyo yamshinda. Aiweke sandukuni. Na akiweza kuyajibu yote matatu bila ya kutafuta maneno, mzazi na amwachie, amwombee salama yeye na wale wapitao karibu naye. Wallahu aalam.