Je, wazee wa zamani walifundishwa na watu wa nyota?



Kisha ibada, kijana mmoja wa kwaya alinifuata na simu mkononi. Alikuwa ameona picha zenye kusema kwamba watu wa nyota zingine walishuka duniani zamani, wakafundisha wanadamu kujenga, kuhesabu na kuabudu. Akauliza: «Papa, ni kweli?» Sikumcheka. Swali lake lilistahili jibu.

Mafundisho hayo si mapya. Yalienea hasa tangu mwaka 1968, wakati Mswisi mmoja aliyekuwa msimamizi wa hoteli, Erich von Däniken, alipotoa kitabu chake juu ya miungu ya angani. Miaka michache baadaye Josef Blumrich, injinia wa NASA, aliandika kwamba magurudumu aliyoyaona Ezekieli kando ya mto Kebari yalikuwa chombo cha kuruka. Lakini nabii mwenyewe aliyaita maono. Anayemfanya kuwa shahidi wa mashine anamnyang'anya neno lake.

Kama kuna viumbe katika nyota, sibishani. Mungu hakuniomba shauri alipoziumba. Ninauliza jambo lingine: ni kazi ya mikono ya nani inayochukuliwa hapa?

Watu hao hupenda kuonyesha piramidi ya Khufu kule Misri, yenye mawe karibu milioni 2.3. Wanasema mtu wa zamani hakuweza. Basi, tangu mwaka 1990 makaburi ya wafanyakazi yamefunuliwa karibu na piramidi. Mifupa yao inaonyesha migongo iliyochakaa, na mikono iliyovunjika kisha ikaungwa. Hata mahali walipooka mikate pameonekana. Tena mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, yalipatikana mafunjo ya msimamizi mmoja jina lake Merer. Aliandika siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyopakia mawe ya chokaa kule Tura na kuyapeleka kwa mashua mpaka Giza, miaka karibu 4,500 iliyopita. Mtu wa nyota angehitaji mashua?

Sisi Waafrika tuliujua ugonjwa huu mbele ya habari za watu wa nyota. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye kuta kubwa za mawe za Zimbabwe. Aliona ubao wa mlango unafanana na mti wa kalamu yake, akasema ni mwerezi wa Lebanoni, basi jengo ni la malkia wa Sheba. Kwa sababu ya kalamu! Wataalamu David Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walichunguza wakasema waliojenga ni Waafrika. Lakini hata katika miaka ya 1970 serikali ya walowezi wa Rhodesia haikutaka jambo hilo liandikwe. Maana ukikiri kwamba babu alijenga mji, utamwambiaje mjukuu kwamba hawezi kuutawala? Nami sijasikia mtu akisema kanisa kuu la Chartres, kule Ufaransa, lilijengwa na wageni wa angani.

Lakini tusiwahukumu wazungu peke yao. Jirani akijenga nyumba ya tofali, tunasema nini jioni? Tunasema amefuga nyoka, ametoa mtoto wa ndugu yake. Hatuulizi anaamka saa ngapi. Mimi mwenyewe nilisema hivyo juu ya seremala mmoja wa mtaa wetu, mpaka siku mvua iliponilaza kwake, nikamsikia anapiga randa saa kumi ya usiku. Niliona haya sana.

Mtu atasema: hata sisi twaamini hekima hutoka juu. Ndiyo. Katika Kutoka 31 Besaleli alijazwa Roho ili afanye kazi ya ufundi. Roho alimjaza, lakini patasi ilibaki mkononi mwa Besaleli, na jina lake likaandikwa. Mungu hakuona wivu juu ya jina la fundi.

Kijana yule nilimweleza pia habari ya Ishango, hapa kwetu Congo, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Edouard. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua pale mfupa mdogo wa sentimetre kama 10, wenye umri wa miaka karibu 20,000. Umekatwa alama nyingi, mafungu mafungu, katika safu tatu. Wataalamu wanabishana kama ni hesabu, ama ni kufuata siku za mwezi. Lakini mtu alikaa kando ya ziwa lile, akakata, akafikiri, akakata tena.

Kijana alinyamaza, halafu akauliza: «Mfupa huo uko wapi sasa?»

Nikamjibu: «Bruxelles.»

«Na nani aliupeleka kule, Papa? Watu wa nyota?»

Tulicheka sote wawili.