Mwili wa Mtoto nao una Haki



Mtume wetu (s.a.w.) alipokuwa akisalisha watu, mjukuu wake alimpanda mgongoni hali yeye amesujudu. Akairefusha sijida ile hata watu wakadhani kumezuka jambo. Alipoulizwa, alieleza kuwa hakupenda kumharakisha mtoto kabla hajatimiza haja yake. Nasi twauliza: ni wangapi miongoni mwetu wawezao kumstahimilia mtoto hata nje ya sala?

Swali hili lilitujia tulipozuru jamaa zetu Nairobi, huko Nyayo Highrise, majumba ya ghorofa yaliyopakana na Kibera. Mama mmoja alitukaribisha. Mwanawe wa miaka 4 alikuwa amekaa na simu mkononi tangu tulipoingia hata tukatoka, na mama akimsifu kwa utulivu wake. Tulipouliza kama hushuka kucheza, alisema: "Sheikh wangu, huko chini ni magari, na humu ndani akirukaruka jirani wa chini hugonga dari. Nimpeleke wapi?"

Hatukuwa na jawabu ya haraka, wala si insafu kumlaumu. Huko Kibera kwenyewe nafasi ni finyu zaidi. Mwezi wa Julai 2018 nyumba na skuli zilibomolewa kupisha barabara. Lakini watoto tuliowaona vichochoroni, wakifukuzana na kusukuma magurudumu, walikuwa wepesi wa viungo kuliko yule wa ghorofani. (Mitaro waliyokuwa wakiiruka ni michafu na ya hatari, na hiyo hatuisifu.)

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kuwa mtoto wa miaka 3 au 4 ahitaji dakika 180 za harakati kila siku, na 60 katika hizo ziwe za kumfanya ahemwe. Na kukaa mbele ya kioo cha simu au televisheni kusizidi saa moja. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Nguvu za mwili wa mtoto huanza shingoni na kiwiliwili, kisha mabega, mwisho vidole. Asiyepanda, asiyening'inia, asiyerusha mpira, bega lake hubaki legevu; na bega likilegea, mkono hauthibiti juu ya kalamu. Basi mwalimu humwita mvivu wa kuandika, na kumbe alinyimwa kucheza.

Hapa twataka kusema na walimu wa vyuo vyetu, bara na pwani, na maneno yetu huenda yakawa machungu. Tumeona watoto wasiotimiza miaka 6 wamekalishwa jamvini tangu adhuhuri hata alasiri, na atikisikaye huchapwa. Hiyo si adabu ya Kiislamu. Imamu Ghazali, zaidi ya miaka 900 iliyopita, aliagiza katika Ihya kwamba mtoto atokapo chuoni aachwe acheze mchezo mzuri, na azoezwe kutembea na kujinyosha, kwani kumzuia huua moyo wake na kuzima akili yake. Mtaala ulioanza kutumika Kenya mwaka 2019 nao uliziweka shughuli za viungo katika masomo ya wadogo hawa. Vipi sisi wenye Ihya tuwe wa nyuma?

Wala tusiambiwe kuwa binti hana haja nayo. Bibi Aisha alishindana mbio na Mtume mwenyewe, akamshinda, na mara nyengine akashindwa. Mwacheni mtoto wa kike aruke kamba. Nguo ikichafuka hufuliwa.

Yule mama tulimwandikia baadaye. Tulimshauri yeye na majirani wapokezane zamu kuwashusha watoto baada ya alasiri, mtu mzima mmoja asimame upande wa magari. Na siku ya mvua amtandikie mwanawe mito sakafuni atambae juu yake, au ampe kikombe cha maji akichukue bila kumwaga. Ametujibu kuwa majirani wawili wameridhia, na mlinzi wa lango amekubali kuyazuia magari nusu saa.