Juu ya Kuwapima Wanaotaka Kutawala

Kila uchaguzi wa Rais unapokaribia, walimu wa sharika huulizwa na watu neno hili: mtu akiwa na mema na mabaya pamoja, twampimaje? Wengine hujibu upesi ya kwamba mtu mwema na achaguliwe, na mtu mbaya na aachwe. Jibu hilo si la uongo, walakini halisaidii, maana hao wawili hawaji mbele yetu wakiwa wametengwa hivyo. Wajao ni watu kama sisi, na ndani ya kila mmoja yamechanganyika yafaayo na yasiyofaa.

Twataka kuutazama uchaguzi wa mwaka 1995. Ndio uliokuwa wa kwanza wa vyama vingi tangu Tanganyika na Zanzibar kuungana mwaka 1964, tena miaka mingi imepita, hata twaweza kunena habari zake bila hasira. Walioomba urais walikuwa wanne. Profesa Ibrahim Haruna Lipumba wa CUF alikuwa mtaalamu wa uchumi, mwenye elimu nyingi, ila hakuwa amepata kuongoza wizara. John Momose Cheyo wa UDP alikuwa mfanya biashara, naye akaitwa Mapesa kwa sababu ya ahadi zake za kuwapa watu fedha. Wakulima wa viazi wa Kifanya na Njombe wajua lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, na kile kilichozidi juu kikashikwa kwa kamba. Ahadi nyingi za uchaguzi ni lumbesa. Sehemu ya juu haina gunia.

Lakini mashindano hasa yalikuwa ya wawili, Augustino Lyatonga Mrema wa NCCR-Mageuzi na Benjamin William Mkapa wa CCM.

Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani tangu mwaka 1990. Mtu aliyedhulumiwa alikwenda kwake, naye akatoa amri, na siku saba zikawekwa ili jambo litengenezwe. Maskini wakampenda sana. Wenye elimu wakasema, Huyu ana haraka, hafuati sheria. Sisi twaona ya kwamba pande zote mbili zilinena juu ya jambo moja lile lile. Nguvu yake na udhaifu wake havikuwa vitu viwili vya kuwekwa kila kimoja katika sahani yake ya mizani, bali kimoja kilichoonekana kwa macho mawili. Hakimu hukawia kwa kuwa hana budi kusikiliza pande mbili. Na mtu aliyepewa siku saba, yamkini hakusikilizwa. Tena waliocheka haraka yake mara nyingi hawakuwa watu waliongoja miaka kumi kwa kesi ya shamba. Mwezi wa Februari 1995 akaondolewa katika uwaziri baada ya kupingana na wenzake serikalini, naye akakiacha chama chake. Je, huo ulikuwa ushujaa, au kutoweza kufanya kazi pamoja na wengine? Mpimaji mwaminifu atakubali ya kuwa yawezekana kuwa yote mawili.

Mkapa alikuwa mhariri wa magazeti, kisha balozi, kisha waziri kwa miaka mingi, hasa wa mambo ya nchi za nje. Watu wa mashambani hawakumjua sana. Mwalimu Nyerere ndiye aliyezunguka nchini akimshuhudia kuwa mtu safi. Kupokea ushuhuda si vibaya, kwa maana hatuwezi kumjua kila mtu kwa macho yetu. Walakini apokeaye ushuhuda ampima shahidi kwanza, na wengi walipiga kura kwa kumpima Nyerere, si Mkapa. Hilo lafaa kujulikana na mtu moyoni mwake, asije akadhani amemchunguza mtu asiyemchunguza.

Tena mizani yenyewe huharibiwa. Wako waliouliza kwanza, mtu huyu ni wa kabila gani, ni wa dini gani. Na Mwalimu alikuwa amewaonya watu juu ya hayo mwaka ule ule. Mkristo amchaguaye mtu kwa kuwa ni Mkristo tu, hakumpima bado. Wako pia waliopokea zawadi wakati wa kampeni. Mwaka 2000 sheria iliruhusu jambo hilo kwa jina la takrima, kana kwamba ni ukarimu wa desturi, mpaka Mahakama Kuu ilipoitangua mwaka 2006. Mgeni hukaribishwa na mwenyeji. Lakini hapa mgeni ndiye aliyekuja na chakula, naye akitaka kitu.

Mama achambuaye viazi hafanyi hesabu ya dosari. Kiazi kilichokatwa na jembe hupikwa leo, hakiwekwi ghalani. Kile kilichooza hutupwa, hata kikiwa kikubwa, kwa kuwa kitaozesha vingine. Basi ziko dosari zinazomdhuru mwenyewe, kama ukali wa maneno au kutojua kuchekesha makutano, na ziko zinazoenea kwa wale atakaowaweka chini yake. Kuzihesabu pamoja kama kitu kimoja ni kukosa, ingawa watu hufanya hivyo sana, kwa kuwa dosari ya kwanza ndiyo huonekana upesi.

Mkapa alishinda kwa karibu kura 62 katika kila 100, na Mrema akapata karibu 28. Mwaka 1996 Mkapa aliiweka tume ya Jaji Warioba kuchunguza rushwa. Kupanda kwa bei, kulikozidi asilimia 20 mwaka 1995, kukashuka chini ya 10 mwaka 1999. Kisha, mwezi wa Januari 2001, askari wakawapiga risasi watu walioandamana Zanzibar, hasa kisiwani Pemba, wakafa zaidi ya 20. Katika kitabu chake cha mwaka 2019 Mkapa mwenyewe aliandika kwa majuto juu ya vifo vile.

Je, hayo yangaliweza kuonekana mwaka 1995? Twadhani si yote. Watu waliuliza kama Mkapa ni mwizi, wakapata jibu. Hawakuuliza sana, mtu huyu akikataliwa na watu atafanyaje? Mbali na Ikulu swali hili ni gumu kujibiwa. Lakini hapa Kifanya yuko diwani, yuko na mwenyekiti wa kijiji, nasi tumekwisha kuwaona wakipingwa mkutanoni, twajua walivyojibu.