Je, Kilichofichwa na Vumbi Hakipo?

Katika Ayubu sura ya 38, Mungu anamuuliza Ayubu kuhusu Kilimia. Kwa macho utahesabu nyota sita, saba hivi, lakini fungu lile lina zaidi ya elfu moja, zote ndugu, zilizozaliwa pamoja.

Kilimia kiko karibu nasi, hakikingwi na kitu. Mafungu mengi ya galaksi yetu yako nyuma ya mawingu ya vumbi. Si vumbi kama letu la Kamenu mwezi wa Januari. Ni chembe laini kama moshi, zimetanda mbali sana. Nuru ya kawaida inayotoka kitovu cha galaksi hutufikia kama sehemu moja tu katika trilioni. Anayetazama huko kwa darubini ya kawaida huona giza, na anaweza kuapa hakuna kitu.

Iko nuru nyingine, ya infraredi. Weka mkono kando ya pasi ya makaa: jicho halioni kitu, lakini mkono unajua. Mawimbi yake ni marefu, kwa hivyo mengi hupenya vumbi. Mwaka 2011 wataalamu walitumia darubini ya VISTA, iliyoko Paranal huko Chile, wakatangaza mafungu 96 mapya. Mapya kwetu, jameni! Yenyewe yalikuwa yanawaka siku zote. (Hata pwani yetu ina sehemu yake katika kutafuta yasiyoonekana: tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikatafute nyota zinazotoa miale ya eksirei.)

Nayaleta haya kanisani kwa sababu ya neno tunalolitumia haraka mno: "amerudi nyuma." Ndugu haonekani ibadani wiki tatu, na tumeshamaliza kesi. Na hapa kwetu watu wako shifti, wengine kiwandani, wengine wanalinda geti. Mama mwingine anauguza mgonjwa usiku kucha. Tunaona kiti kitupu tunasema imani imeisha. Kwani kutoona kwangu kunasema nini juu yake? Kunasema habari za macho yangu tu.

Mtu atauliza, basi kila asiyeonekana ni nyota? La. Hata wataalamu hao hudanganyika: vumbi likiwa jembamba mahali fulani, nyota zisizo na undugu hujitokeza pamoja, mtu akadhani amepata fungu. Ndiyo maana wanahesabu tena, wanalinganisha na sehemu za kando, wanapima rangi zake kama kweli ni za ukoo mmoja. Kwa hivyo kumtetea ndugu bila kumjua hakutoshi; bado hujamwona. Kazi ni kumtazama kwa njia nyingine, na njia hiyo ina gharama: nauli, usingizi, kubisha hodi saa ambayo si yako. Kuhukumu hakuna nauli.

Mashemasi wana daftari la waliohudhuria. Mimi ningependa tuwe na lingine, la waliokosekana na saa wanazotoka kazini. Nimeanza na majina manne. Wa kwanza anatoka shifti saa kumi na mbili asubuhi, Jumanne, na nitamngoja stegi.